Nimeuziwa kifaa cha kuokoa maisha kilichoisha muda, halafu muuzaji ananiuliza "si ilikuwa inawaka?"

Wakuu, heshima zenu. Mnivumilie leo, nimevurugwa.

Kwa wasionijua: naishi Texas, mwaka wa tisa huu, na mchezo wangu ni kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege. Najua tayari kuna anayecharaza "nani alikutuma?" Charaza tu ndugu yangu, mama yangu mzazi ameshakutangulia. Hasira yangu ni kwa mtu mzima, baba wa familia, aliyekaa sebuleni kwake akabandika stika juu ya stika.

Nilipopata leseni A, ile inayotaka walau miruko 25, nikachoka kukodi vifaa. Vipya kamili ni bei ya gari la kutembelea, kwa hiyo wengi wetu tunaanza na mtumba, na mtumba wa mwavuli si aibu, kitambaa kikitunzwa kinadumu. Nikaona tangazo kwenye kundi moja la kuuziana: mkoba, mwavuli mkubwa, mwavuli wa akiba, na ndani yake CYPRES 2 "ya 2016". Dola 3,400 vyote. Picha safi, vimepangwa juu ya zulia la kijivu. Akaniomba nitume pesa kwa ile njia ya ndugu na marafiki, ili "tukwepe makato". Nikatuma. Chekeni.

CYPRES ni kidude cha Mjerumani kinachokaa ndani ya mkoba kikipima mgandamizo wa hewa. Ukifika kama mita 225 kutoka ardhini na bado unashuka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde, maana yake umezimia, au umepagawa, au umesahau kwamba chini kuna ardhi. Chenyewe kinafyatua kikataji kidogo, kinakata kitanzi kilichofunga mkoba wa akiba, mwavuli unatoka. Kwa kasi ya kawaida ya kuanguka, hapo umebakiwa na sekunde nne hivi.

Sasa kwa nini 2016? Ujanja uko hapo. CYPRES 2 zilizotoka kiwandani kuanzia mwaka huo zina umri wa miaka 15 na nusu. Za kabla yake ni 12 na nusu, zikifika unatupa. Aliyeandika ile stika anaijua biashara, hakubahatisha mwaka.

Nimeruka nayo mara 19. Kila asubuhi naiwasha, kiskrini kinahesabu 10, 9, 8 mpaka 0, roho inatulia. Marekani mwavuli wa akiba lazima ufunguliwe, ukaguliwe na kufungwa upya kila siku 180 na fundi mwenye leseni, basi siku zilipotimia nikaupeleka. Fundi wetu ni mzee asiyependa maneno. Akaugeuza mkoba, akauliza lakiri iko wapi. Fundi akishafunga mwavuli wa akiba hupitisha uzi mwekundu kwenye pini na kuubana kwa kipande cha risasi chenye alama yake, kama lakiri ya mita ya umeme. Uzi nilikuwa nauona kila siku. Risasi haikuwepo na mimi sikuiulizia. Hapo nimekosa, nakubali, msinirudie.

Akafungua. Akakitoa kidude, akakwangua stika kwa kucha. Chini yake kuna nyingine. Machi 2011. Namba ya kifaa kwenye skrini inalingana na stika ya chini. Kwa hiyo muda wake uliisha 2023, kabla sijawahi hata kuliona tangazo. Saini kwenye kadi ya ufungaji haisomeki, inaweza kuwa ya fundi, inaweza kuwa ya mtoto wa darasa la pili. Mzee akaniambia hawezi kuusaini, maana sheria za anga za hapa zinataka kifaa cha aina hii kitunzwe kama aliyekitengeneza alivyoelekeza. Akanipa mkoba wangu ukiwa mtupu, vitambaa kwenye mfuko wa plastiki.

Nikampigia muuzaji. Kwanza eti naye aliuziwa hivyohivyo. Nikamtumia picha ya stika mbili, akanyamaza siku tatu. Akarudi na lile swali: "Si ilikuwa inawaka?"

Inawaka! Hata redio ya marehemu babu inawaka. Sisemi kingegoma, huenda kingekata kitanzi vizuri tu. Lakini miaka 12 na nusu imewekwa na waliokitengeneza, yeye kaiongeza kwa gundi na printa ya nyumbani, kisha akamwachia mgeni aende kuijaribu hewani.

Ngojeni, bado. Ili "tumalizane kiungwana" akataka anipe Argus badala yake. Wadau wanaoelewa wameshashika vichwa. Argus ndiyo ile ya Ubelgiji ambayo mwaka 2011 watengenezaji wengi wa mikoba waliipiga marufuku kwenye bidhaa zao, baada ya matukio ya kikataji kufyatuka na kutokata kitanzi sawasawa. Nadai uhai wangu, mtu ananipa chenji ya jeneza.

Hela siioni ikirudi. Ile njia ya ndugu na marafiki haina pa kulalamikia, nimeshaambiwa hivyo mara mbili, kwa upole mno. Nawaandikia hasa nyie mlioonja mchezo huu Diani, mkaupenda, na sasa mnaagizia vifaa mtandaoni: dai picha ya namba inayotokea kwenye skrini, dai picha ya lakiri, na muuzaji akubali mkoba upitie kwa fundi unayemchagua wewe kabla pesa haijatoka. Akikasirika, mwache na mkoba wake.

Jana usiku nimeona tangazo jipya. CYPRES 2, "ya 2016", dola 650. Jina la muuzaji ni lingine. Zulia ni lilelile la kijivu.