Tupeane uzoefu: uliamuaje uombe chuo gani cha udaktari?

Mwanzisha mada
Wakuu, habari. Kila msimu wa udahili vijana wanauliza "chuo gani kizuri cha udaktari?" na wanajibiwa kwa majina matupu. Jina halimsaidii mtu anayejaza fomu. Naomba visa vyenu: ulitazama nini ukasema hapa naomba, pale siombi? Wahitimu, wanaosoma sasa, wazazi, wote karibuni.

Nianze mimi. Niliomba Uingereza. Kule fomu ina nafasi tano za kuchagua, lakini za udaktari ni nne tu, na mwisho wa kutuma ni tarehe 15 Oktoba, mapema kuliko kozi nyingi. Mtihani wa UCAT, unaopima uwezo wa kufikiri wa wanaoomba udaktari, unafanywa kati ya Julai na Septemba, na alama unazipata ukimaliza tu. Kwa hiyo unajua umesimama wapi kabla hujachagua, na hapo ndipo nilipoweka nguvu zangu zote. Vyuo havizitumii alama zile kwa namna moja. Kuna kinachowapanga waombaji kwa UCAT kuanzia juu kwenda chini, na kuna kinachotaka uvuke kiwango fulani tu, kisha kinatazama zaidi ufaulu wa shule. UCAT yangu ilikuwa ya wastani, ufaulu wa shule ulikuwa mzuri sana. Nikaacha chuo nilichokitamani tangu nikiwa mdogo, nikaomba vile ambavyo ufaulu wangu ungehesabiwa. Iliniuma, lakini nilipata nafasi, na leo mgonjwa haniulizi nilisoma wapi.

Mtoto wa Tatu
Ahsante kwa mada, mkuu. Mimi niko Marekani, na huku mambo ni tofauti kabisa. Unasoma kwanza shahada nyingine, ndipo unaomba udaktari wa miaka minne. Mtihani wa kuombea udaktari ni MCAT, alama zinaanzia 472 hadi 528. Wengi huangalia wastani wa alama za waliodahiliwa, wakiwa chini yake wanakata tamaa. Mimi niliangalia vitu viwili zaidi. Cha kwanza, chuo kinachukua wangapi kutoka nje ya jimbo lake. Vyuo vingi vya umma vinawapa kipaumbele wakazi wa jimbo, na vingine havipokei kabisa mwombaji asiye na ukaazi wa kudumu wa Marekani, hata awe na alama za kutisha. Cha pili, chuo kinajieleza kwamba kipo kwa ajili gani. Kuna vinavyotafuta watafiti, kuna vinavyotafuta madaktari wa vijijini. Nilikuwa nimejitolea muda mrefu kwenye kliniki ya watu wasio na bima, nikaomba vyuo ambavyo kazi hiyo ingekuwa na maana kwao.

Jingine: vyuo vingi huku vinajaza nafasi kadiri maombi yanavyoingia. Anayetuma mwanzoni mwa msimu anakuta viti vingi vya usaili, anayesubiri siku ya mwisho anagombania vilivyobaki.

Mama Mwenye Swali
Mimi ni mzazi. Binti yangu alitafutiwa nafasi nje ya nchi na wakala. Wakala akatuambia chuo "kinatambulika duniani kote", akatuonyesha jina lake kwenye World Directory of Medical Schools, orodha ya mtandaoni ya vyuo vya udaktari duniani. Jina lilikuwepo kweli. Nikakaa nikaisoma tovuti ile mwenyewe, na inaeleza wazi kwamba chuo kuorodheshwa pale hakumaanishi kina ithibati. Basi nikaliandikia baraza la madaktari la nchi ambako binti anataka kufanya kazi: mhitimu wa chuo hiki mnampokea kwa masharti gani? Wakanijibu kwa maandishi. Mtihani wa leseni, mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na uthibitisho kwamba masomo ya wodini yalifanyika kwenye nchi ileile ya chuo. Sharti hilo la mwisho chuo cha wakala hakikulitimiza. Tukaachana nacho, binti akaomba kwingine.

Wazazi wenzangu, barua ile haikunigharimu chochote. Andikeni kabla hamjalipa ada.

Mwanzisha mada
Mama, shikamoo, na ahsante sana. Hili la leseni lingetangulia kila kitu. Mtu anachagua chuo akifikiria miaka mitano au sita ya masomo, anasahau miaka arobaini ya kazi.

Zamu ya Usiku
Niongeze la lugha. Nilisoma nchi ambayo darasani tunafundishwa kwa Kiingereza. Miaka ya mwanzo shwari, anatomia na fiziolojia ni vitabu na maabara. Tulipoingia wodini, wagonjwa wanaongea lugha yao. Kuchukua historia ya mgonjwa ndiyo nusu ya udaktari, na huwezi kuichukua kwa mkalimani kila siku. Mimi nilianza kujifunza lugha ile tangu mwaka wa kwanza kwa sababu kabla ya kuomba nilimtafuta mwanafunzi wa mwaka wa nne nikamwuliza maswali. Kila anayeomba amtafute mtu wa namna hiyo. Muulize: mko wangapi kwenye kitanda cha mgonjwa mmoja? Mhadhiri anakuja kweli raundi? Wanaodisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) ni wengi mwaka gani? Ukipata sapu (mtihani wa marudio) unarudia somo au mwaka mzima? Vitabu vya udahili vya chuo havisemi hayo.

Kijana wa Sayansi
Wakuu, nimeelewa mengi. Nina ufaulu wa kawaida tu kwenye kemia. Niombe udaktari peke yake, au niweke na kozi nyingine ya afya?

Zamu ya Usiku
Soma sifa za kujiunga za kila chuo, mstari kwa mstari. Kuna vinavyotaka kiwango fulani cha kemia bila msamaha, hivyo viondoe leo. Vilivyobaki omba. Kozi nyingine iweke ikiwa utaisoma kwa moyo. Usiingie uuguzi au famasia ukidhani utahamia udaktari mwaka wa pili. Vyuo vingi havina mlango huo, na fani zile zinahitaji watu wanaozitaka.

Mtoto wa Tatu
Na jiandae kwa usaili, mdogo wangu. Vyuo vingi sasa vinatumia vituo vifupi vifupi, mtindo ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada. Unaingia chumba, unapewa kisa, unaongea dakika chache, unatoka, unaingia kingine. Kabla ya kuomba angalia kila chuo kinasaili vipi. Kama unachanganyikiwa mbele ya jopo la watu watano lakini mtu mmoja mmoja unammudu, hiyo nayo ni sababu halali ya kuchagua. Kwenye kemia una alama gani hasa? Zitaje hapa tukusaidie kuchuja.