Navuka Pemba usiku na watoto wawili, nijipange vipi?

Mama Wawili: Asalaam aleikum jamani. Wiki ijayo natoka Unguja kwenda Pemba kwa meli ya usiku. Mkubwa ana miaka minne, mdogo miezi tisa. Safari iliyopita nilimuuliza mhudumu jaketi okozi za watoto ziko wapi, akanijibu "zipo mama, usijali". Nikainama chini ya kiti nikakuta moja ya mtu mzima, kamba zimepigwa fundo hata kucha haziingii. Tangu siku ile roho haijatulia. Nifanye nini, ukiacha dua?

Baharia Mstaafu: Waaleikum salaam. Fundo lifungue meli ikiwa bado gatini. Jaketi ya mkubwa haimfai mtoto, akiingia majini inapanda kichwani na yeye anachomoka kwa chini. Mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa meli, unataka meli iwe na jaketi za watoto, na wa chini ya kilo 15 wana saizi yao. Meli za ndani zina kanuni zake, ila wewe dai tu. Halafu ukisikia honi fupi saba na moja ndefu, hiyo ni dharura. Mabegi acha.

Mtoto wa Wete: Kaa karibu na mlango wa kutokea nje, uhesabu migongo ya viti kwa mkono mpaka mlangoni. Taa zikizima utanikumbuka. Meli ya Spice Islander mwaka 2011 ilizama usiku ikienda Pemba, imejaa kupita kiasi. Ukiona watu wamelala mpaka kwenye ngazi, shuka, nauli isikuume.

Shangazi: Wote wawili waandikishe kwenye orodha ya abiria, hata huyo asiyelipiwa. Idadi ya waliokuwamo Spice Islander inabishaniwa mpaka leo.

Mama Wawili: Ahsanteni. Mdogo nilishapanga nimfunge mgongoni kwa kanga, mikono ibaki ya mkubwa.

Baharia Mstaafu: Usithubutu! Jaketi inakulaza chali. Wewe uso juu unapumua, mtoto wa mgongoni yuko chini ya maji. Mpakate kifuani, na yake amevaa. Mkubwa ashikwe na mtu mzima mwingine, tafuta wa kufuatana naye.

Mama Wawili: Ya Rabi! Basi nakwenda na kaka yangu mdogo. Kesho naanzia ofisi ya tiketi, waniambie kama wana ya miezi tisa.

Shangazi: Wakwambie wapi ilipo, si "zipo".