Eti "chuma ni chuma tu"? Muuza skrepa wa Unga Limited, hapa Arusha, katudharau mafundi wote!

NyundoYaMeru: Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Yule muuza skrepa, simtaji, mnamjua, kaniambia mbele ya wateja: "Dogo, chuma ni chuma tu." Mbele ya wateja! Akacheka mpaka mate yakafika Ngaramtoni.

Nilitaka jani la springi ya Land Cruiser, nifue visu vya kuwindia. Nikaomba niliguse na grainda nione cheche, akang'aka eti namharibia mali. Kumbe kalipaka oili chafu lionekane limetoka chini ya gari asubuhi ile. Nimefika kwangu nimeweka jiwe la grainda: cheche ndefu, zimenyooka, hazipasuki. Cheche za springi zinapasuka vinyota vinyota, kila fundi anajua! Nikakata kipande, nikakichoma mpaka sumaku ikaacha kushika, nikazamisha kwenye oili. Chuma kilichoshika ugumu, tupa inateleza juu yake. Hiki tupa imekila chote. Flatibaa la grili za madirisha!

Namrudishia ndipo ananiambia "Dogo, chuma ni chuma tu." Mwindaji yuko porini anachuna pofu, kisu kinajikunja, atamlaani nani? Mimi! Nina watoto wako sekondari, ananiita dogo!

TupaKavu: Springi haina upinde, haina tundu la senta bolti, na hela ukatoa? Pole, dogo.

NyundoYaMeru: Kilikuwa kipande kimeshakatwa! Na usiniite dogo.

MangiMbuyuni: Hamieni Moshi. Kule Mamba watu wanafua tangu enzi za mababu. Arusha mna kelele tu.

BabaNeema: Moshi ipi, Mangi? Hapo hapo kwenu niliuziwa tupa za bei chee, nikafua sime. Ngozi ya juu tu ndiyo ngumu, ndani laini. Makali hayakudumu hata kwenye mgomba.

MangiMbuyuni: Ulinunua kwa nani? Sema tumjue.

DadaKilombero: Afadhali nyie mna chuma mkononi. Mimi gunia la mkaa juu limejaa mapande, chini vumbi tupu. Nitapikia wateja vumbi?

TupaKavu: Yule wa kona, mwenye kofia nyekundu?

DadaKilombero: Huyo huyo!! Na chenji hana hata siku moja.

BabaNeema: Mimi ananidai gunia tupu mpaka leo, wakati nilimrudishia!

NyundoYaMeru: Jamani, uzi ni wa springi.

DadaKilombero: Kaka subiri kwanza. BabaNeema, ulimrudishia mbele ya nani?