Mrejesho: taya la binti yangu limerefushwa

Ndugu zangu, mwezi wa tatu niliwauliza kama nikubali binti yangu wa miaka 9, aliyezaliwa na taya la chini fupi upande wa kushoto, akatwe mfupa kisha uvutwe kidogo kidogo kwa kifaa chenye skrubu. Tulikubali.

Upasuaji ulipita salama. Siku 5 za mwanzo hatukugusa kitu, mfupa ulikuwa unaanza kuunga. Halafu tukaanza kuzungusha skrubu: nusu milimita asubuhi, nusu jioni. Siku ya kwanza mkono ulinitetemeka, mama yake ndiye aliyeshika bisibisi. Daktari alituonya kwamba ukienda haraka pengo halijai mfupa, ukichelewa linaunga kabla ya wakati. Tulizungusha siku 14. Njia hii aliikuza daktari wa mifupa Ilizarov kule Kurgan, Siberia, Urusi, kwa mifupa ya miguu. Mwaka 1992 daktari mpasuaji McCarthy wa New York akaripoti kuitumia kwenye mataya ya watoto.

Kilichotuchosha ni chakula, uji na mtori kila siku, na usaha kwenye tundu la pini ya kifaa, ulioisha kwa dawa. Kifaa kikabaki wiki 8 zaidi mfupa ukomae. Kimetolewa Jumanne.

Kidevu kimerudi katikati. Meno ya upande ule bado hayakutani vizuri, na huenda akikua atahitaji kurudia.

Uliyeniambia nisikatae kwa woga kabla ya kumuuliza daktari maswali yangu yote, nakushukuru kutoka moyoni. Jana kajitazama kwenye kioo, akaomba apigwe picha.