Magari matano yapite, matatu yabaki: hii kanuni ya Abu Dhabi imetoka wapi?

Wakuu, ni usiku wa Jumapili, Desemba 12, 2021, mbio za Abu Dhabi zimeisha leo; najua saa hizi wengi mmelala na kesho Jumatatu kuna kazi, ila mimi usingizi umegoma. Nafuatilia langalanga (Formula 1) miaka mingi, sijawahi kuona taji linaporwa mchana kweupe namna hii.

Mbio 22 msimu mzima, Hamilton wa Mercedes na Verstappen wa Red Bull wanafika ya mwisho kila mmoja ana pointi 369.5. Hamilton kapanda mlima kufika hapo: kashinda Brazil, kashinda Qatar, kashinda Saudi Arabia, tatu mfululizo. Leo kachukua uongozi kona ya kwanza. (Mtakaokuja na lile la mzunguko wa kwanza alipokata nje ya njia, nakubali lina mjadala, lifungulieni uzi wake.)

Imebaki mizunguko mitano, Hamilton yuko mbele ya Verstappen kwa zaidi ya sekunde 10, dereva mwingine, Latifi, anabamiza ukuta. Gari la usalama linatoka, wote wanalifuata polepole bila kupitana hadi njia isafishwe. Hapo sina neno, ajali ni ajali. Red Bull wakamwita Verstappen wakamvisha tairi laini mpya, zenye kasi zaidi. Mercedes wakaogopa kupoteza nafasi ya mbele, wakamwacha Hamilton na tairi ngumu alizovaa tangu mzunguko wa 14. Hapo pia sina neno, kila timu imecheza karata yake.

Sasa njooni kwenye kiini. Katikati ya hao wawili kulikuwa na magari matano yaliyozidiwa mzunguko, yaani yako nyuma ya kinara kwa mzunguko mzima: Norris, Alonso, Ocon, Leclerc na Vettel. Kwanza Mkurugenzi wa Mbio, Michael Masi, akatangaza kwamba hawaruhusiwi kupita. Sawa. Dakika chache baadaye, bosi wa Red Bull akiwa ameshamlalamikia redioni, akageuka: wapite. Lakini si wote! Wapite hao watano tu, wanaomzuia Verstappen asimfikie Hamilton. Ricciardo, Stroll na Schumacher wabaki palepale. Sainz wa nafasi ya tatu akabaki na magari ya watu mbele yake, yeye haki ya kumfukuza Verstappen hakuwa nayo?

Halafu, magari yakishapita, kanuni ya 48.12 ya mwaka huu wa 2021 inasema gari la usalama liingie mwisho wa mzunguko unaofuata. Yaani mbio zilipaswa kwisha nyuma ya gari la usalama. Likaingizwa mzunguko uleule. Ukabaki mzunguko mmoja, mmoja ana tairi laini mpya kabisa, mwenzake tairi zimechoka. Kona ya 5 Verstappen kampita, kwisha habari, taji lake. Bosi wa Mercedes, Toto Wolff, kulalamika, anajibiwa kwamba hizi ni mbio za magari.

Kilichonichefua zaidi: Masi huyuhuyu mwaka jana, 2020, baada ya mbio za Eifel kule Ujerumani alisema kanuni inalazimisha magari YOTE yaliyozidiwa yaruhusiwe kupita. Mwaka jana yote, leo matano.

Alikuwa na njia tatu halali. Asipitishe hata mmoja, waendelee kukimbia hivyohivyo. Apitishe wote, mbio ziishie nyuma ya gari la usalama. Au apandishe bendera nyekundu kusimamisha mbio, wote wabadili tairi wakapambane sawa kwa sawa. Akaziacha zote tatu akabuni ya kwake.

Simlaumu Verstappen hata kidogo. Kashinda mbio 10 msimu huu, ni dereva wa hatari, kapewa nafasi kaitumia. Hasira yangu iko kwa waliompa.

Waamuzi wametupa malalamiko ya Mercedes, wanasema kifungu cha 15.3 kinampa mkurugenzi mamlaka ya mwisho juu ya gari la usalama. Mdogo wangu ananiambia basi yameisha. Hayajaisha! Mamlaka ya kulitoa na kuliingiza gari la usalama ndiyo mamlaka ya kuchagua nani apite na nani abaki? Mwenye kifungu kinachosema hivyo akiweke hapa, nakisoma usiku huuhuu.