Nimemaliza probesheni na matibabu, rekodi yangu inafutwaje? Naombeni ushauri

Sukani_Nax: Wanajamvi hamjambo. Mimi ni dereva, naishi Rhonda hapa Nakuru. Mwaka 2020 nilipatikana na bangi. Korti haikunifunga, iliniweka chini ya probesheni miezi 18 kwa sharti kwamba nipate matibabu ya uraibu. Nimemaliza yote na tangu siku ile sijagusa kitu, hata miraa nimeacha. Sasa nimepata gari la njia ya Nakuru–Kisumu, lakini sacco, yaani ushirika wa wenye magari, inataka cheti cha mwenendo mwema cha polisi kabla ya mwisho wa mwezi. Rekodi inafutwaje, na inachukua siku ngapi? Sijalala vizuri wiki mbili. Tafadhali bila matusi.

Shangazi wa Kakamega: Hongera sana mwanangu. Kaka yangu aliacha chang'aa akiwa na miaka 51. Mwezi wa kwanza alikuwa anatetemeka hata kikombe kinagonga meno. Leo ana ng'ombe wawili na watoto wamerudi nyumbani. Usirudi nyuma.

Sukani_Nax: Asante shangazi. Ila cheti?

Breki Mbili: Nimeendesha lori miaka 22. Hiyo njia unapita Salgaa, na pale nimewahi kusaidia kutoa watu kwenye mabati ya ajali. Swali la kwanza si cheti. Je, una uhakika umepona? Abiria hawezi kukuuliza akiwa amelala kwenye kiti.

Sukani_Nax: Nimepona, mzee. Ndiyo maana nataka kazi halali.

Nesi Ughaibuni: Mimi nimekaa Marekani miaka tisa, nimehudumia watu waliotoka kwenye korti za dawa za kulevya, zile zinazosimamia matibabu ya mraibu badala ya kumfunga. Ya kwanza ilianzishwa Miami mwaka 1989. Unapimwa mkojo, unarudi mbele ya jaji yule yule mara kwa mara, na kwenye mipango mingi ukimaliza mashtaka yanaondolewa. Lakini watu walikuwa wanalia baadaye, maana kuondolewa mashtaka hakufuti rekodi ya kukamatwa. Unapeleka ombi lingine, na kila jimbo lina utaratibu wake. Mhamiaji aliyekiri kosa ana shida zaidi: mambo ya uhamiaji yanaweza kumhesabu kama aliyetiwa hatiani hata kama jimbo limefuta kila kitu. Kwa hiyo andika ombi, kaka, usikae.

Karani Mstaafu: Dada, hayo ni ya huko. Hapa Kenya hakuna ombi la namna hiyo la kujaza tu. Sukani, nilikaa rejista ya mahakama miaka 11, nijibu moja: hakimu alikutia hatiani au hakukutia? Kifungu cha 4 cha Sheria ya Probesheni kinampa njia mbili. Anaweza kukutia hatiani halafu akatoa amri ya probesheni, au akaitoa bila kukutia hatiani. Karatasi yako inasemaje?

Sukani_Nax: Niliambiwa niko huru. Afisa wa probesheni alinipa mkono.

Karani Mstaafu: Mkono si karatasi.

Mama Stima: Lakini kijana kabadilika jamani! Mbona tunamhoji kama polisi?

Karani Mstaafu: Kwa sababu nampenda, mama. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994, kabla ya kurekebishwa 2022, iliweka hadi miaka 10 kwa bangi ya kuvuta mwenyewe. Hakimu alimwonea huruma. Nataka kujua aliandika nini.

Sukani_Nax: Nimeitoa kwenye begi sasa hivi. Imeandikwa nimetiwa hatiani baada ya kukiri mwenyewe.

Na kuna jambo sikusema. Kuna mtu nimeshampa 15,000, nusu ya bei. Amesema mdogo wangu ndiye ataenda kuwekwa wino vidoleni kuchukua alama za cheti, fomu ibebe jina langu. Najua mtasema vibaya, lakini gari haliningoji na nina watoto watatu. Hakuna mtu anayeumia hapo.

Nyar Winam: Ngojeni kwanza. Huu uzi mimi siuamini. Mtu hana swali, ana bei. Nimeona nyuzi mbili kama hizi: anajitokeza mwenye shida, anataja hela, halafu watu wanaanza kuomba namba. Wewe ndiye broka.

Mgeni wa Bondo: Hata mimi nina kesi ya 2017. Naomba hiyo namba pembeni.

Nyar Winam: Si mnaona?

Breki Mbili: Kumbe! Na mimi nimemhubiria bure.

Sukani_Nax: Dada, sina namba ya kumpa mtu. Nilikuwa naripoti ofisi ya probesheni Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Kuna benchi la mbao pale, mguu mmoja umewekewa kipande cha kadibodi, ukikaa upande wa ukuta linainama. Kadi yangu imekunjika katikati kwa kubebwa ndani ya kava la simu. Sahihi ziko 18, ya mwezi wa saba ilimwagikiwa chai, afisa akaiandika tena pembeni. Sikutunga hiyo. Mama yangu alinisindikiza mara ya kwanza, akakaa nje juani hadi nikatoka.

Shangazi wa Kakamega: Mimi namwamini. Hiyo kadi nimeiona mkononi mwa kaka yangu.

Karani Mstaafu: Basi tuendelee. Mgeni wa Bondo, acha hiyo namba. Sukani, sikiliza kuhusu vidole. Anayejiweka mahali pa mwingine ana kosa, na aliyemtuma pia. Tena fikiria mdogo wako: siku akitafuta kazi yake, vidole vyake vitakuwa vimeshajiita jina lako.

Rejista chukua nakala iliyoidhinishwa ya mwenendo wa kesi na ya amri. Kwa afisa wa probesheni omba barua kwamba ulitimiza masharti. Kukata rufaa ni siku 14, na aliyekiri kosa hukata rufaa juu ya adhabu tu, kwa hiyo mlango huo usiutegemee. Wakili anaweza kuangalia kama kulikuwa na kasoro ya kupeleka kwa mapitio Mahakama Kuu. Kuna pia msamaha wa Rais chini ya kifungu cha 133 cha Katiba, lakini hauji kwa mwezi mmoja. Nenda kwa mwenyekiti wa sacco na hizo karatasi kabla cheti hakijamwambia.

Sukani_Nax: Na 15,000 zangu?

Breki Mbili: Zihesabu zimeanguka njiani. Mwenyekiti mwambie uso kwa uso. Mimi niliwahi kuajiriwa na mtu aliyejua nilimgonga punda wake.

Sukani_Nax: Mdogo wangu amesoma hapa begani kwangu. Anasema haendi, na kesho atanisindikiza rejista.

Karani Mstaafu: Namba ya faili unayo?

Sukani_Nax: Iko nyuma ya kadi.