Binti wa PCB, Tabora: Muhimbili, Bugando, au aombe Marekani?

Mjomba wa Isevya
Wakuu, habari za jioni. Namlea binti wa dada yangu, yuko kidato cha sita, PCB, shule ya serikali hapa Tabora mjini. Matokeo ya mtihani wa utamilifu yametoka wiki hii: Bailojia A, Kemia B, Fizikia C. Anataka udaktari, na hakuanza jana.

Sasa kuna mtu kamwambia kwamba Harvard na Yale wakimkubali mtoto wa maskini wanamsomesha bila ada. Tangu siku hiyo usingizi umempaa. Naomba mnipimie kwa ukweli: vyuo vyetu vya udaktari vya Muhimbili, Bugando na KCMC, au huko Marekani, nafasi yake iko wapi? Msinipe moyo tu. Mkono wangu mfupi, na nikikosea sasa atakayelipa ni yeye.

Mwalimu Ng'ambo
Salaam mjomba, hongera kwa malezi. Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), A ni 5, B ni 4, C ni 3, kwa hiyo ana 12. Si haba hata kidogo. Ila wazazi wengi wanasoma kigezo cha chini kwenye kitabu cha mwongozo wakadhani ndiyo nafasi yenyewe. Kigezo kinakuruhusu kuomba tu. Baada ya hapo chuo kinawapanga walioomba kuanzia juu, nafasi zikijaa basi, na udaktari wa Muhimbili unaombwa na vichwa vya nchi nzima.

Niambie, hiyo C ya Fizikia ni alama ngapi? C inaanzia 60 mpaka 69. Mwenye 61 na mwenye 68 wote wameandikiwa C, lakini kwangu mimi ni watoto wawili tofauti kabisa.

Nesi Mtarajiwa wa Mwanza
Mimi nasoma Bugando, mwaka wa tatu. Anko, asiombe chuo kimoja. Maombi unatuma chuo kwa chuo kwenye mtandao, dirisha likifunguliwa baada ya matokeo ya Baraza la Mitihani (NECTA). Akichaguliwa zaidi ya kimoja, atathibitisha kimoja tu kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Kwa hiyo aweke Muhimbili, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), KCMC na huku kwetu. Chuoni kwetu wapo wa udaktari walioikosa Muhimbili, na wanasoma vizuri tu.

Cha kuangalia ni ada. Bugando ni chuo cha kanisa, ada yake iko juu kuliko vyuo vya serikali, na mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) unaweza usiifunike yote. Ulizia pia ufadhili wa serikali unaoitwa wa Samia kwa waliofaulu sana sayansi. Ule si mkopo, haurudishwi.

Mnyamwezi Ughaibuni
Ndugu yangu, nimesoma shahada ya kwanza Marekani, nitasema ninachokijua.

Aliyemwambia hakudanganya. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii mfuko wa mwombaji wakati wa kuamua, hata kama anatoka nje ya Marekani, na wakimchukua wanalipia pengo lote ambalo familia yake haiwezi kulipa. Lakini hebu tuangalie mlango wenyewe. Walioingia Harvard mwaka 2024 walichaguliwa 1,937 kati ya waombaji 54,008. Hao ni chini ya wanne katika kila mia, na wengi wao ni wa juu kabisa darasani kwao. Alama zake zinamfanya asomwe. Hazimfanyi achaguliwe.

Wanachopima zaidi ya alama ni insha isiyozidi maneno 650, barua za walimu, na anachofanya nje ya darasa. MIT na Harvard wanataka na mtihani wa SAT au ACT; SAT kwa mtu wa nje ni zaidi ya dola 100 ukijumlisha na gharama ya kituo cha nje. Mimi niliifanyia Dar, nikatoka Tabora kwa treni na kurudi.

Sasa jambo ambalo naona hakuna aliyemwambia. Kule udaktari hausomwi ukitoka sekondari. Unasoma miaka minne ya shahada ya kwanza, ndipo unaomba shule ya udaktari, miaka minne mingine. Na shule nyingi za udaktari za kule hazichukui wanafunzi wa nje. Baadhi ya zinazochukua zinataka uonyeshe fedha za miaka yote mkononi. Nyumbani ni miaka mitano na mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Kwa hiyo hata akiipata Yale, bado hajaingia udaktari.

Mama Kazima
Jamani, msimkatishe tamaa mtoto wa kike. Wa kwetu wanaoota hivyo ni wachache.

Ila mjomba nikuambie yaliyonipata. Mwanangu aliacha nafasi ya chuo hapa nchini ili asubiri mwaka mzima aombe Marekani. Vyuo saba. Majibu yalikuja mwezi Machi, moja moja, usiku, maana kule ndiyo mchana. Nilikuwa namsikia anaamka, anafungua simu, anaizima. Saba zote zilikataa. Alikaa miezi hasemi na mtu. Sasa yuko Chuo cha Kilimo cha Sokoine (SUA) na anaendelea vizuri, lakini mwaka ule bado unaniuma. Aombe, ndiyo. Asiache kilichopo mkononi.

Mnyamwezi Ughaibuni
Pole sana mama. Na hapo ndipo penye ugumu wa tarehe. Maombi mengi ya Marekani hufungwa mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo ya mwaka huu yamepita. Akiomba mwishoni mwa mwaka, ataanza Septemba ya mwaka unaofuata. Na akiwa tayari ameingia chuo nyumbani, wengi watamhesabu kama anayehama chuo, mlango ambao ni mwembamba zaidi.

Mjomba, huyu binti akiwa likizo anafanya nini?

Mjomba wa Isevya
Nawashukuru wote, nimesoma mara mbili mbili. Mama Kazima, pole, umenigusa.

Mwalimu, nimeangalia karatasi: 67. Nadharia amefanya vizuri, alichoangukia ni praktiko. Anasema walikuwa sita kwenye kifaa kimoja, mita hakuishika.

Likizo anakwenda Sikonge kwa bibi yake. Ana daftari la mizinga ya nyuki, kila mzinga na namba yake, kilo za kila mavuno, na ule ambao nyuki wamehama ameandika tarehe na alichokikuta ndani. Miaka minne sasa. Sikuwahi kudhani ni kitu cha kuandikia chuo.

Mnyamwezi Ughaibuni
Ni kitu. Lisipotee hilo daftari, hata kama haombi.

Mwalimu Ng'ambo
Alama tatu tu aingie B! Mlete Jumamosi saa tatu. Nina mita mbili na waya, tutaanza na majaribio ya umeme. Aje na kalamu ya risasi na karatasi za grafu.

Mjomba wa Isevya
Nimemsomea yote. La miaka minne kabla ya udaktari hakulijua. Alikaa kimya, kisha akauliza Muhimbili dirisha linafunguliwa lini. Marekani amesema ataiangalia tena akishamaliza udaktari. Jumamosi tutafika, mwalimu, saa tatu kasoro.